Kutu Kwenye Karanga za Dada

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuhesabu kila doa la kutu kama kiumbe kinachojitegemea. Nililifanya kwa uangalifu mkubwa, ndiyo maana lilidumu. Makosa ya haraka huwa nayaona siku hiyohiyo. Yale niliyoyafanya polepole, nikayapitia na kuyapitia tena, ndiyo yanayokaa.

Sina shahada. Nilimaliza kidato cha sita, alama hazikutosha kwa nilichokitaka, na kilichonitaka mimi sikukitaka. Nikakaa kwenye steshenari ya mjomba wangu hapa Chang'ombe, Dodoma, nikitoa kopi za vyeti na kuchapa barua za watu wanaokwenda kujaribu bahati kwenye ofisi za serikali kule Mtumba. Kati ya mteja na mteja nilisoma. Nilisoma habari za vinasaba kwa sababu ndiyo mada ambayo mwalimu wetu wa baiolojia hakuimaliza, nami siwezi kuishi na kitu kilichoachwa katikati. Usiniulize kwa nini nilianzia hapo nilipoanzia. Maandiko ya bure niliyoyapata mtandaoni yalihusu kutu inayoshambulia misonobari katika nchi za baridi, basi nikayasoma hayo. Msonobari niliokuwa naufahamu ulikuwa mmoja tu, umesimama kwenye uwanja wa ofisi fulani mjini, mkavu, umeegemea ukuta kama mlinzi aliyesinzia.

Kutu ninayoisema si ya chuma. Ni kuvu, jamii ya ukungu, inayoota ndani ya mmea na kutoa vumbi la rangi ya tofali bichi. Watu wanaosoma vinasaba vyake hutaka kujua jambo moja: hii iliyoko hapa na ile iliyoko kule, zina undugu gani? Imetoka wapi, imepita wapi, imeingia lini? Ile ya misonobari ina maisha marefu ya kuzunguka. Hupitia kwenye mmea mwingine kabisa, vinasaba vikachanganyika upya, ndipo irudi kwenye msonobari. Kwa hiyo vidonda viwili kwenye mti mmoja kwa kawaida ni viumbe wawili, kila mmoja na ukoo wake. Nilijifunza hivyo, nikakariri hivyo, nikaamini kutu zote duniani ziko hivyo.

Siku moja akaja mteja, mama wa makamo, kutoa picha za rangi za jani la karanga. Upande wa chini wa jani ulijaa vipele vidogo vyekundu.

"Hiyo ni kutu," nikasema. Sikuwa nimeulizwa.

Akavua miwani. "Umejuaje?"

"Nimesoma ya misonobari."

"Misonobari! Dodoma hii?" Alicheka mpaka mjomba akatoka nyuma kuangalia kuna nini. "Kijana, huku ungesoma hata ya mtama. Msonobari utaukuta wapi?"

Alikuwa mtafiti wa magonjwa ya mazao. Kila mtu alimwita Dokta, nami nikamwita hivyo. Msimu ule alikuwa anakusanya majani ya karanga yenye kutu kuanzia Chamwino hadi milima ya Kondoa, na mkusanyaji wake alikuwa amepata ajira kwingine. Nikaomba nafasi. Nilikwenda naye mashambani na bahasha za kaki, nikaandika jina la kijiji na la mwenye shamba kwenye kila moja. Majani yakapelekwa maabara, vinasaba vikasomwa, na baada ya miezi majibu yakarudi yakiwa safu ndefu za herufi na namba. Dokta alijua nimejifunza mwenyewe programu za kuchambua mambo hayo. Akanipa nakala ya majibu. "Chezea," aliniambia. "Ukiona kitu, niambie mimi kwanza."

Mimi kwanza. Maneno hayo alinitamkia waziwazi, nami nikaitikia.

Sasa nieleze habari za dada yangu. Tuko wawili tu, yeye mkubwa. Upande wa baba tumekuwa watu wa mjini tangu enzi za misafara, watu wa duka na cherehani, lakini mama yangu analima. Ana shamba lake Chamwino, na katika shamba hilo ana karanga ndogo nyekundu alizopewa na mama yake siku alipoolewa. Kwao binti haondoki mikono mitupu. Mbegu hufungwa kwenye pindo la kanga, fundo gumu, na bibi harusi hulifungua mwenyewe siku ya kupanda kwenye shamba la kwa mumewe. Dada aliolewa Kondoa, kwa Warangi wa milimani, watu wa dini na wakulima hodari, na akaondoka na fundo lake. Masika yale alipanda. Karanga zikaota vizuri kuliko za majirani. Kisha kutu ikaingia, ikakausha majani ya shamba lake na ya mashamba mengine matatu manne ya jirani, na watu wakaanza kukumbuka kwamba kabla ya bibi harusi kuja, mlima ule haukuwa na kutu kali namna hiyo.

Hakuna aliyemwambia usoni. Dada alisikia kisimani. "Wanasema fundo langu lilikuwa na vumbi," alinieleza kwenye simu, akicheka kicheko ambacho hakikuwa chake.

Shamba la dada lilikuwa mojawapo ya tuliyochukulia majani. Kwa hiyo majibu yalipofika, nilitafuta la kwake kabla ya lingine lolote. Kijana wa steshenari alikuwa ameshika mikononi mwake kitu ambacho kingeweza kumsafisha dada yake, na ninakiri kwamba nilishaanza kupanga maneno ya kumwambia.

Nilisafisha majibu kwanza. Kusafisha ndiko ninakokujua. Bahasha ambazo maandishi yake yalilowa nikaziweka pembeni. Majani yaliyochanika, pembeni. Sampuli ambazo maabara ilishindwa kusoma sehemu zake mbili tatu, pembeni. Nilibaki na safu nzuri, isiyo na pengo hata moja, na nikaiangalia kwa furaha ya mtu aliyekunja mashuka. Halafu nikahesabu. Kila doa nililihesabu kiumbe, kama kwenye misonobari. Shamba la mama Chamwino: viumbe wengi, wote wenye alama zilezile za vinasaba. Shamba la dada Kondoa: viumbe wengi, alama zilezile kabisa. Katikati, kwenye safu yangu safi, hakukuwa na kitu kinachofanana nao.

Nikarudia. Nikarudia kwa programu nyingine. Jibu likawa lilelile, na kadiri lilivyorudi lilelile ndivyo nilivyozidi kuliamini.

Mama alipiga simu Ijumaa baada ya sala, kunijulia hali.

"Na ile kutu ya mwenzio," akasema, "Dokta wako amesema nini?"

Ningeweza kusema bado. Nilikuwa nimeshikwa na homa ya kujua.

"Ni ileile, mama. Ya kwako na ya dada ni moja."

"Moja vipi?"

"Kama kopi. Zimetoka sehemu moja."

Nilisikia kuku wake. "Kwa hiyo ni mimi," akasema.

Sasa, mama yangu ni mtu wa kuomba radhi kabla hajadaiwa. Akikukanyaga ataomba radhi, ukimkanyaga ataomba radhi kwa kuweka mguu hapo. Sikufikiria. Jioni ileile alimpigia mkwe mwenzake, mama mkwe wa dada, akamwambia kwamba mtoto wake wa kiume anayesomea magonjwa ya mimea amehakikisha: maradhi yalitoka Chamwino, kwenye mbegu yake, na anaomba msamaha kwa Mungu na kwa wao. Mama mkwe akapokea radhi kwa heshima zote. Akamsamehe. Na kesho yake akazishusha karanga za dada kutoka darini, zile ambazo dada alizivuna na kuzihifadhi kwa kupanda, akaziweka jikoni pamoja na za kula.

Ujumbe wa dada ulikuwa mfupi. "Wewe mtoto umewaambia nini?"

Nilitaka kumjibu kwa hoja. Nilikuwa na hoja. Nilikuwa na safu safi isiyo na pengo. Lakini kitu kilianza kunikereketa. Jumatatu nikampelekea Dokta kazi yangu, nikijifanya ndiyo kwanza naimaliza. Aliisoma akiwa amesimama, funguo za gari mkononi.

"Hawa wote wa shamba moja, mbona wamefanana hivi?"

"Ndivyo walivyo, Dokta."

"Umewahesabu wote?"

"Kila doa moja moja."

Akaketi. "Mdogo wangu, kutu ya karanga huku kwetu haioi wala haiolewi. Inajirudufu. Vumbi la doa moja linaanguka kwenye jani jingine, linatoa doa jingine lilelile, msimu mzima. Madoa mia kwenye shamba yanaweza kuwa kiumbe mmoja. Wewe unafanya kazi steshenari. Mtu akitoa kopi mia za cheti kimoja cha kuzaliwa, ana watoto mia?"

"Ana mmoja."

"Basi wewe umesajili mia. Na zile nyingine ziko wapi? Nilikupa nyingi kuliko hizi."

"Zilikuwa chafu."

"Chafu?"

"Maandishi yamelowa. Majani yamechanika."

Akaweka funguo za gari mezani, bila hasira. "Siku ile ya mvua tulikuwa wapi?"

Tulikuwa kwenye vijiji vya njiani, kati ya Chamwino na Kondoa. Mvua ilitukuta huko. Kila bahasha iliyolowa ilikuwa ya huko. Nilikuwa nimeifuta njia nzima ambayo kutu ingeweza kuipita kwa upepo, kwa sababu tu mwandiko wangu ulikuwa umechuruzika wino.

Tuliketi tukazirudisha. Zilizofutika kabisa tulizitambua kwa mpangilio wa maboksi. Nyingine tulizitambua nusu. Kisha tukafanya alichoniambia: kopi zote za kiumbe mmoja katika shamba tukazihesabu mara moja tu. Picha ikageuka. Yule wa Chamwino na wa shamba la dada alikuwa yuleyule, hilo halikubadilika. Lakini alikuwepo pia njiani kote, na alikuwepo upande wa pili wa mlima, kwenye mashamba ya watu wasiojuana na sisi, wanaopanda mbegu za dukani. Alikuwa mahali pote. Kufanana kwake hakukuwa na maana niliyompa mama.

"Na mbegu zenyewe?" nikauliza. "Haziwezi kuibeba?"

"Vumbi hili halidumu. Karanga zinavunwa masika yakiisha, zinakaa kiangazi kizima kwenye joto la darini. Huo muda wote, bila jani bichi? Mimi siwezi kuapa, lakini ningeangalia upepo kabla ya kuangalia fundo la bibi harusi." Kisha akanisoma usoni. "Umemwambia nani?"

Nikamwambia.

"Nenda karekebishe," akasema.

Sikwenda. Hii ndiyo sehemu ninayoona aibu kuiandika kuliko kosa lenyewe. Nilijiambia kwamba nimeshasema mara moja bila uhakika, sitasema tena mpaka niwe na uhakika wote. Siwezi kuapa, alisema Dokta, basi nikataka kupata kitu cha kuapia. Nilichambua upya. Nilichora ramani, nikabadili rangi za ramani. Mteja anasubiri kopi ya kitambulisho, mimi nasogeza nukta ya kijiji. Mjomba alinigomba, "Wewe mtoto, hiyo kutu imekuingia kichwani!" Chakula kilikosa ladha. Kila simu ikilia nilidhani ni mama anaomba radhi tena kwa mtu mwingine.

Wakati huo huo mawingu yalianza kukusanyika mchana na kutawanyika jioni, na dada akapiga.

"Wanatayarisha mashamba huku."

"Nakaribia kumaliza."

"Kumaliza nini?"

"Nataka niwe na ushahidi usio na swali."

"Juzi zimetwangwa za kuungia mboga," akasema. "Za kwangu. Nimekaa nimekula mbegu ya bibi, na nikaambiwa niongeze. Wewe endelea kusafisha."

Akakata.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Kondoa. Ramani niliiacha nyumbani kwa sababu haikuwa imekamilika, na njiani nusura nishuke nirudi kuichukua.

Mama mkwe wa dada alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini mwa nyumba, anabangua karanga, ungo mapajani. Ni mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia watu mlimani. Dada alikuwa karibu naye, anabangua pia, na hakuinua kichwa. Karanga zilikuwa ndogo, nyekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Bwana vidonda vya majani! Karibu. Mpe kiti mdogo wako. Umekuja kutupima tena?"

"Nimekuja kwa sababu ya karanga hizo, mama. Naomba usimalize kuzibangua."

Mkono wake ukasimama. Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia kwenye misonobari, nikarudi, nikatoa mfano wa kopi, nikasahau mvua, nikaikumbuka mwishoni. Shemeji alitoka shamba akasimama mlangoni na jembe begani, akasikiliza. Nilipofika mahali pa kusema kutu ile iko hadi upande wa pili wa mlima, mama mkwe akaingilia.

"Kwa nani?"

Nikamtajia vijiji.

"Wale? Wale wanatucheka sisi mwaka mzima kwa kutu! Na wao wanayo?"

"Wanayo. Ileile."

Shemeji akacheka kwa sauti. Mama mkwe hakucheka.

"Una hakika, mwanangu? Maana na mara ya kwanza ulihakikisha."

Niliutazama mkeka. "Sina hakika yote. Siwezi kuapa kwamba mbegu haikubeba hata punje ya vumbi. Hakika niliyonayo ni hii: nilichomwambia mama yangu hakikuwa kweli. Nilisema imetoka kwake, na sikuwa na haki ya kusema hivyo. Kutu hii iko kwenye mashamba ambayo mbegu ya dada haijawahi kufika. Na Dokta, ambaye anajua kuliko mimi, anaona ililetwa na upepo."

Alichukua karanga moja, akaigeuza, akaitazama kana kwamba itasema.

"Kwa hiyo mama yako aliniomba radhi bure."

"Bure, mama. Kosa lilikuwa langu."

"Na mimi nikamsamehe!" Alimgeukia dada. "Nikamsamehe mwanamke wa watu kwa sauti ya juu, na majirani wote wanasikia. Sasa msamaha ule naufanyaje? Naurudisha wapi?"

Dada akaweka chini karanga aliyokuwa anaibangua, akasema, "Mpigie, mama."

Alipiga palepale. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, lakini nilimjua mama, na haikuwa vigumu kujaza ule mwingine. Mama mkwe anaomba radhi, mama yangu anaomba radhi kwa kusababisha aombwe radhi, huyu anakataa, yule anakataa, na shemeji ameketi chini sasa, machozi ya kucheka yanamtoka. "Hapana mkwe, nimesema ni mimi! ... Wala usiniambie hivyo! ... Basi tugawane!" Alipokata simu alikuwa amechoka kuliko mtu aliyetoka kulima.

Kisha akanipeleka kwa jirani yule ambaye maneno ya kisimani yalianzia kwake, akanisimamisha mlangoni, na akaniambia, "Sema." Nikasema mara ya pili. Yule jirani alisikiliza, akasema sawa, akarudi kwenye sufuria yake. Sijui kama aliamini. Njiani tukirudi niliuliza, na mama mkwe akasema kuamini ni shauri lake, ila sasa hawezi kusema hakuambiwa.

Karanga zilizobaki hazikuwa nyingi. Dada alizichambua kwenye ungo, zilizopasuka upande huu, nzima upande ule, na nilipomsaidia nikaanza kutupa pia zile zenye mkunjo, alinipiga mkono. "Hizo zinaota." Zilitosha matuta machache tu. Mwaka mmoja kabla, fundo lilitosha shamba. Nyingine tulikuwa tumezila, sisi sote kwa namna fulani, na hazikurudi.

Mvua iliponyesha alipanda. Mwezi wa pili kutu ikaja kwake, na kwa majirani, na upande wa pili wa mlima, karibu wakati mmoja. Alinipigia kunieleza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelalamikia mvua au mbung'o, jambo la wote.

Mimi bado napitia kazi yangu mara nyingi kuliko inavyohitaji. Lakini sampuli iliyolowa siitupi tena, na Dokta akiniuliza nimeona nini, humwambia nilichokiona na nisichokijua siku hiyohiyo, kabla sijamaliza. Dada amepanda misimu miwili tangu wakati huo, na mbegu yake inakaa darini pamoja na ya mama mkwe wake.